Kuanzisha seva ya kwanza ofisini kwa programu huria

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza, "Nataka kuweka seva ofisini, ninunue mashine gani?" Aliyeuliza leo ana steshenari Kirumba. Wa jana ni mwalimu wa kompyuta Misungwi, na wa juzi anatunza hesabu za mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni. Wote nawarudishia swali lilelile: hiyo seva itafanya kazi gani?

Kompyuta yoyote inayokaa imewashwa ili ihudumie kompyuta nyingine ni seva. Laptopu yenye skrini iliyopasuka inaweza kukufaa kuliko mashine ya mamilioni isiyo na kazi inayoeleweka. Ukishajua kazi, programu inajulikana, na ukishajua programu, utajua na mashine ya kununua. Ukifuata mwongozo huu hadi mwisho utakuwa na seva ya faili inayofanya kazi na yenye nakala za akiba.

## Kwanza chagua kazi

Kutunza faili za pamoja. Hii ndiyo kazi ninayompa kila anayeanza. Programu yake ni Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell mwaka 1992. Inaifanya mashine ya Linux (mfumo endeshi huria, mbadala wa Windows) ionekane kwenye kompyuta za Windows kama folda ya kawaida ya mtandaoni. Ofisi nyingi hapa Mwanza bado zinahamisha kazi kwa flashi: hati ya mteja inatoka mapokezi hadi kwenye printa ndani ya flashi, na ikifika imeshabeba virusi. Samba inaikata safari hiyo.

Printa. CUPS inawawezesha watu wote ofisini kutumia printa moja.

Tovuti na mifumo ya ndani. Hapa kuna Apache, iliyoanza mwaka 1995, na Nginx, iliyotoka mwaka 2004. Kwa ofisi ndogo tofauti yake hutaiona. Chukua ile iliyotajwa kwenye maelekezo ya mfumo unaotaka kuutumia.

Hifadhidata. MariaDB na PostgreSQL hukaa nyuma ya mfumo mwingine, na mfumo huo ndio unaochagua. WordPress inataka MariaDB au MySQL. DHIS2, inayotumika sana kwenye takwimu za afya, inataka PostgreSQL. Usisimike hifadhidata kwa sababu tu umesikia jina lake.

Masomo bila intaneti. Kwa shule, hii naipenda kuliko zote. Kolibri inabeba masomo na mazoezi, na Kiwix inabeba Wikipedia ya Kiswahili ndani ya faili moja. Watoto wa shule ya Ukerewe, ambako mtandao unakuja na kuondoka, wanaisoma darasani kwa Wi-Fi bila kutumia hata senti ya bando.

Barua pepe. Postfix na Dovecot ni programu nzuri, lakini usianzie hapo. Barua zinazotoka kwenye laini ya kawaida ya intaneti hukataliwa au huishia kwenye folda ya taka za mpokeaji. Lipia huduma, uokoe usingizi wako.

Chagua moja. Iache ifanye kazi mwezi mzima ndipo uongeze ya pili. Kuanzia hapa nachukulia kwamba umechagua faili.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mashine yenye RAM ya GB 4 na SSD ya GB 240 au zaidi. Inawatosha watu kumi bila shida. Laptopu iliyotumika ni chaguo zuri kwa sababu betri yake inaishikilia umeme ukikatika. Betri iliyovimba usiitumie, ni hatari ya moto.
- UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya ruta na swichi ya mtandao inayogawa kebo, hata kama seva ni laptopu. Umeme ukikatika seva inabaki hai lakini ruta imezimika, na ofisi nzima inasema seva imekufa.
- Diski ya nje, angalau mara mbili ya ukubwa wa faili zako. Zikiwa mbili ni bora zaidi.
- Flashi ya GB 4 au zaidi.
- Kebo ya mtandao. Seva usiiunge kwa Wi-Fi.
- Nenosiri la kuingia kwenye mipangilio ya ruta.
- Bando la GB kadhaa.
- Daftari la karatasi. Kila nenosiri na kila anwani utakayoweka viandikwe humo, na daftari lifungiwe kabatini.

Kuhusu mahali pa kuiweka nitakaa kidogo, maana hapa ziwani kuna mambo yetu wenyewe. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja karibu na maji ambako mashine ilikuwa inajizima kila mchana. Nilipofungua kifuniko nilikuta feni imeshikwa na ukoko wa kijivu, laini kama unga wa ulezi uliolowa. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi. Usiku walifuata taa, wakaingia kwa dirishani, wakafia ndani ya mashine na kushikamana na vumbi. Niliusafisha kwa brashi ya rangi, mapezi ya feni moja moja, kazi ya nusu saa, na mashine haikujizima tena. Kwa hiyo weka seva mbali na dirisha, juu ya meza au rafu na si sakafuni, na usiache taa ya chumba ikiwaka usiku. Ifungue uisafishe kila miezi miwili.

Jambo la pili ni radi. Usivute kebo ya shaba hewani kutoka jengo moja hadi jingine, kwa sababu radi ikipiga jirani, kebo hiyo inaleta umeme moja kwa moja hadi kwenye swichi yako. Tena mji wetu umekaa juu ya miamba, na mwamba hautawanyi umeme vizuri kama udongo wenye unyevu. Ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iliyochomekwa juujuu kati ya mawe inaweza isikusaidie kitu. Mwambie fundi umeme aipime kwa kifaa chake, asiitazame tu kwa macho.

## Hatua

1. Pakua Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Debian 13 ilitoka Agosti 2025. Chukua faili ya netinst, kisimikaji kidogo kinachopakua vilivyobaki mtandaoni, ambayo haizidi GB 1. Ubuntu Server nayo ni nzuri, na matoleo yake ya LTS (ya kutunzwa muda mrefu) hupata masasisho kwa miaka mitano, ila faili yake inazidi GB 2. Kama bando si tatizo na umezoea Ubuntu, tumia hiyo. Amri nyingi zilizo hapa chini ni zilezile.

Bando likikatika katikati, faili inaweza kuharibika bila wewe kujua. Ihakiki kabla ya kuitumia. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike:

`certutil -hashfile debian.iso SHA256`

Badala ya debian.iso weka jina halisi la faili yako. Msururu wa herufi na tarakimu utakaotokea ulingane na ulioandikwa kwenye faili ya SHA256SUMS pale ulipopakulia. Usipolingana, pakua upya. Ukilingana, andika faili hiyo kwenye flashi kwa programu ya Rufus.

2. Simika. Hamisha kwanza kila unachokitaka kutoka kwenye mashine, kwa sababu diski itafutwa yote. Na diski ya nje usiichomeke kabisa wakati huu. Nimeona watu wakichagua diski isiyo sahihi na kufuta picha za harusi.

Utakapofika kwenye nenosiri la root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), acha wazi uendelee. Ukifanya hivyo, mtumiaji wa kwanza utakayemtengeneza atapewa ruhusa ya kutumia sudo, yaani kuendesha amri kwa mamlaka hayo. Mimi mtumiaji huyo humwita fundi. Utakapoulizwa programu za kuweka, ondoa alama kwenye mazingira yote ya picha (desktop) na uweke alama kwenye "SSH server", njia ya kuingia kwenye seva kutoka kompyuta nyingine. Seva haihitaji mazingira ya picha, na bila hayo inakuwa nyepesi sana. Mashine ipe jina fupi. Ya kwangu inaitwa sangara.

3. Ipe anwani isiyobadilika. Ingia kwenye mashine uandike:

`ip a`

Tafuta mstari wenye `link/ether` kwenye kadi iliyoungwa kwa kebo na unakili namba zake. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, sehemu ya kugawa anwani, useme namba hizo zipewe daima 192.168.1.10. Kama ruta yako inatumia 192.168.0, badilisha ilingane. Kisha washa seva upya. Ukiruka hatua hii, siku ruta ikizimwa na kuwashwa seva itapata anwani nyingine na hakuna atakayeiona.

4. Ingia ukiwa mbali nayo, uisasishe. Kuanzia sasa kaa kwenye kompyuta yako ya kawaida:

`ssh fundi@192.168.1.10`

`sudo apt update && sudo apt upgrade`

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Hiyo ya mwisho usiiache. Saa ikikosewa, nakala za akiba nazo zitakwenda wakati usioutarajia.

5. Iandae kwa kukatika kwa umeme. Kama ni laptopu, fungua `/etc/systemd/logind.conf` kwa `sudo nano`, programu ya kuhariri maandishi, andika `HandleLidSwitch=ignore`, kisha uiwashe upya. Bila hivyo, mtu akifunga kifuniko seva inalala. Kama ni kompyuta ya mezani, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) utafute mpangilio unaoiamuru mashine ijiwashe umeme unaporudi. UPS yenye kebo ya USB inaweza kuunganishwa na programu iitwayo NUT ili seva ijizime yenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha.

6. Weka Samba na folda.

`sudo apt install samba rsync cron`

`sudo groupadd ofisi`

`sudo mkdir -p /srv/ofisi`

`sudo chgrp ofisi /srv/ofisi`

`sudo chmod 2770 /srv/ofisi`

Ile 2 ya mwanzo inafanya kila faili mpya iwe mali ya kundi la ofisi. Wanaoanza huiacha, kisha faili ya mmoja inakataa kufunguliwa na mwenzake. Wengine wakikwama huandika 777 ili kila kitu kikubali. Usifanye hivyo. Ni sawa na kuacha ofisi wazi usiku.

Sasa fungua `sudo nano /etc/samba/smb.conf` uongeze mwishoni kabisa:

```
[ofisi]
   path = /srv/ofisi
   valid users = @ofisi
   read only = no
   force group = ofisi
   create mask = 0660
   directory mask = 2770
```

Andika `testparm` uone kama kuna kosa la maandishi, kisha `sudo systemctl restart smbd`.

7. Sajili watu. Kila mtu awe na jina lake. Jina moja la ofisi nzima litakusumbua siku mfanyakazi anapoondoka. Kwa Rehema, kwa mfano:

`sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G ofisi rehema`

`sudo smbpasswd -a rehema`

Nenosiri aliandike Rehema mwenyewe.

8. Funga milango, yaani namba ambazo mawasiliano ya mtandao hupitia. Mlango wa 22 ni wa SSH, wa 445 ni wa Samba.

`sudo apt install ufw`

`sudo ufw allow 22/tcp`

`sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp`

`sudo ufw enable`

Fuata mpangilio huo. Ukiwasha ulinzi kabla ya kuruhusu mlango wa 22, utajifungia nje na itabidi uende kwenye mashine yenyewe na kibodi mkononi. Na usikubali mtu yeyote akushauri kufungua mlango wa 445 kwenye ruta ili faili zifikike kutoka nje. Mwaka 2017 programu hasidi ya WannaCry ilienea duniani kupitia mlango huohuo kwenye mashine za Windows, na hospitali za Uingereza zililazimika kurudisha wagonjwa nyumbani.

9. Jaribu. Kwenye Windows fungua sehemu ya kuandika anwani ya folda uandike `\\192.168.1.10\ofisi`. Ingiza jina na nenosiri. Tengeneza faili, ifungue ukiwa kwenye kompyuta nyingine, ibadilishe, uihifadhi. Yote manne yakikubali, endelea.

10. Weka nakala za akiba. Watu wengi huishia hatua ya tisa, na hapo ndipo ninapowasihi wasisimame. Chomeka diski ya nje uandike `lsblk`. Itambue kwa ukubwa wake. Tuseme sehemu yake ni sdb1:

`sudo mkfs.ext4 -L nakala /dev/sdb1`

Amri hii inafuta kila kitu. Soma herufi mara mbili kabla ya kubonyeza. Kisha `sudo mkdir /mnt/nakala`, na kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski zinazounganishwa seva inapowaka, ongeza mstari huu:

`LABEL=nakala /mnt/nakala ext4 defaults,nofail 0 2`

Neno nofail linairuhusu seva kuwaka hata diski ikiwa haipo. Andika `sudo mount -a`, halafu `sudo crontab -e`, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe, uongeze:

`15 13 * * * mountpoint -q /mnt/nakala && rsync -a /srv/ofisi/ /mnt/nakala/ofisi/`

Sehemu ya rsync ndiyo inayonakili, na sehemu ya mountpoint inahakikisha diski ipo kweli. Bila hiyo, siku diski ikichomolewa nakala zitajazana kwenye diski ya seva yenyewe hadi ikwame. Na angalia saa: kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 15 13 ni saa saba na robo mchana, watu wakiwa kwenye chakula. Kijana mmoja niliyemfundisha aliandika 7 akimaanisha saa saba. Nakala zake zikawa zinatakiwa kwenda saa moja asubuhi, wakati ofisi imefungwa na mashine imezimwa.

Kama una diski mbili, zote zipe jina nakala na uzibadilishe kila Ijumaa. Iliyotoka iende nyumbani kwako. Mwizi akibeba seva atabeba na diski iliyo kando yake.

11. Rudisha faili moja. Chagua faili yoyote kwenye `/mnt/nakala/ofisi`, inakili mahali pengine, uifungue, uisome. Fanya hivyo leo, na kila tarehe 1 ya mwezi.

Hili nalisisitiza kwa sababu najua maumivu yake. Kuna mama mmoja mfanyabiashara niliyemwekea mfumo miaka ya nyuma. Jioni moja umeme ulikatika na kurudi mara tatu, diski ikafa. Nilimwambia asihofu, nakala zipo. Nilipofungua diski ya nje ilikuwa tupu tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilikosea herufi moja kwenye jina la folda na sikurudi kuangalia. Miezi minane ya hesabu za dagaa. Alinitazama akasema, "Mwanangu, si ulisema zinajihifadhi zenyewe?" Tulikaa siku nne tukiandika upya kutoka kwenye risiti alizokuwa ameziweka kwenye ndoo.

## Ukikwama

Hakuna anayeiona seva. Andika `ping 192.168.1.10` kwenye kompyuta yoyote. Isipojibu, tazama ruta, swichi na kebo kabla ya kugusa seva. Ikijibu, ingia ndani uandike `systemctl status smbd`.

Windows inakataa nenosiri ambalo ni sahihi. Mara nyingi inakumbuka jina la zamani. Kwenye dirisha la amri andika `net use * /delete`, ujaribu tena. Kumbuka pia kwamba nenosiri la Samba ni lile uliloweka kwa smbpasswd, si la mtumiaji fundi.

Mtu anasoma faili lakini hawezi kuhifadhi. Andika `id rehema` uone kama kundi la ofisi limo. Kama limo, tatizo ni faili zilizonakiliwa humo na fundi bila kundi sahihi: `sudo chgrp -R ofisi /srv/ofisi`, kisha `sudo chmod -R g+rwX /srv/ofisi`.

Inakwenda polepole. Badilisha kebo kwanza. Kebo iliyobanwa na mguu wa meza inashusha kasi bila kukata mawasiliano.

Diski imejaa. `df -h` itakuonyesha ni ipi, na `sudo du -sh /srv/ofisi/*` itakuonyesha folda iliyonenepa. Mara nyingi ni video za simu.

Mashine haiwaki vizuri baada ya umeme kukatika. Ikikuonyesha ujumbe wa kuomba fsck (ukaguzi wa diski), iruhusu irekebishe na usiizime katikati. Ikirudia wiki hiyohiyo, diski inakufa: hakikisha nakala ya leo ipo, kisha ununue nyingine.

Nataka kuifikia nikiwa Sengerema. Laini nyingi za intaneti ya simu hazikupi anwani yako peke yako, mnashirikiana wengi, ndiyo maana kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii hata ukijaribu. Njia salama ni WireGuard, programu ya mtandao binafsi uliofungwa (VPN), ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu mwaka 2020. Kodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, seva ya ofisini ijiunge nayo, na laptopu yako nayo ijiunge hapohapo. Kwa upande wa ofisini andika `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo mawasiliano yatakatika kila yakikaa kimya kidogo. Ila hiyo iwe kazi ya mwezi wa pili, baada ya faili kukaa sawa.